Kozi ya wagonjwa iongozwe na wagonjwa

Ukifika kwenye kliniki ya kisukari na presha ya hospitali ya wilaya saa moja na nusu asubuhi, kabla daktari hajaanza kuita majina, mara nyingi utamkuta muuguzi amesimama mbele ya mabenchi anatoa elimu ya afya. Punguzeni chumvi. Punguzeni mafuta. Fanyeni mazoezi nusu saa kila siku. Msiache dawa. Wagonjwa wanaitikia "ndiyo". Wengine wanasinzia, maana wametoka nyumbani alfajiri bila hata chai ili wapimwe sukari. Baada ya robo saa somo limekwisha.

Muuguzi yule anafanya kazi njema, tena mara nyingi akiwa peke yake. Ila karibu kila aliyeketi pale ameshayasikia maneno hayo kliniki iliyopita, na ile iliyotangulia. Ukimvuta mmoja pembeni ukamuuliza nini hasa kinamshinda, hatakwambia kuwa hakujua chumvi ina madhara. Atakwambia anapika sufuria moja ya mboga kwa watu wanane, na hawezi kupika ya kwake mbali. Atakwambia dawa za mchana humpita akiwa sokoni. Mwingine atakwambia hajamweleza mumewe.

Siku hizi mashirika na halmashauri zinazungumza sana kuhusu kuwafundisha viongozi wa jamii waendeshe kozi za kuishi na magonjwa ya kudumu mitaani, nje ya hospitali. Naliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Hofu yangu ni kwamba tutalitekeleza kwa mtindo wetu wa siku zote: tutamchukua mtu anayeheshimika, tutamkalisha semina ya siku mbili, tutamjaza habari za kongosho na mishipa ya damu, kisha tutamrudisha mtaani akawahutubie wenzake. Tutakuwa tumeongeza idadi ya wahutubu. Kozi hizi zinafanya kazi pale tu anayeongoza anapokuwa mgonjwa kama wale anaowaongoza, na pale mafunzo aliyopewa yanapomfundisha kuuliza na kusikiliza kabla ya kumfundisha kueleza.

Ukubwa wa jambo lenyewe haubishaniwi. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa vijiji sita vya Tanzania uliokuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima mia. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012, uliopima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1 wana kisukari na karibu asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu. Njia za kupima zilitofautiana na vijiji sita si nchi nzima, kwa hiyo namba hizo zisisomwe kama mstari mmoja unaopanda. Lakini muulize muuguzi yeyote aliyekaa kazini miaka 30 kama zamani kulikuwa na siku maalumu ya kliniki ya presha kwenye kituo chake. Upo pia utafiti uliofanyika Ilala, Dar es Salaam, na Hai, Kilimanjaro, katikati ya miaka ya 1990. Kati ya waliokutwa na shinikizo la juu la damu, waliojua kuwa wanalo hawakufika mmoja kwa watano, waliokuwa kwenye dawa walikuwa kama mmoja kwa kumi, na ambao presha yao ilikuwa imetulia hawakufika hata asilimia moja. Tangu hapo vipimo na kliniki vimeongezeka. Lakini kutoka kuambiwa una presha hadi kuituliza mwaka hadi mwaka ni safari ndefu, na sehemu kubwa ya safari hiyo mtu anaitembea nyumbani, mbali na daktari.

Mfano ninaouamini zaidi ulianzia Chuo Kikuu cha Stanford, California, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kate Lorig, muuguzi aliyebobea katika afya ya jamii, alianzisha pamoja na daktari Halsted Holman kozi ya watu wenye ugonjwa wa viungo. Walitarajia kitu ambacho yeyote kati yetu angekitarajia: atakayefanya mazoezi zaidi atapata nafuu zaidi. Washiriki walipata nafuu kweli, maumivu yakapungua. Lakini watafiti walipochambua matokeo waliona kwamba uhusiano kati ya mazoezi na nafuu ulikuwa hafifu. Wapo waliobadilisha tabia sana na hawakupata nafuu kubwa, na wapo waliobadilisha kidogo wakapata nafuu. Walipokwenda kuwahoji, tofauti ilijitokeza kwenye jambo ambalo hawakuwa wamelipima: waliopata nafuu walijiona wanaweza kuufanya ugonjwa wao kitu, na wale wengine waliona hakuna wanaloweza.

Chuoni hapohapo alikuwapo mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyekuwa akiandika juu ya imani ya mtu katika uwezo wake mwenyewe. Lorig alichukua nadharia hiyo akaisuka kozi upya. Kwa mujibu wa Bandura, imani hiyo hujengwa na mambo manne: kufanya jambo dogo ukafaulu, kumwona mtu wa hali yako akifaulu, kuzielewa upya dalili za mwili wako, na kutiwa moyo na watu unaowaheshimu. Yasome tena mambo hayo manne ukifikiria hotuba ya kwenye mabenchi ya kliniki. Hotuba inagusa la nne kidogo. Matatu ya mwanzo haiyafikii kabisa, na la pili haliwezekani ikiwa anayesema mbele hajawahi kuishi na ugonjwa huo.

Baadaye kozi ilipanuliwa ikachukua magonjwa yote ya kudumu kwa pamoja: moyo, mapafu, kiharusi, viungo, kisukari. Huchukua wiki sita, saa mbili na nusu kila wiki, watu kati ya 10 na 16, chumba kimoja. Wanaoongoza ni wawili, na angalau mmoja wao awe anaishi na ugonjwa wa kudumu. Hufundishwa siku nne, kisha hufuata kitabu cha mwongozo kinachosema kila kipindi kinaendaje. Jaribio lililochapishwa mwaka 1999, lenye wagonjwa 952, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudhuria walifanya mazoezi zaidi, walizungumza na madaktari wao vizuri zaidi, walijiona na afya bora kidogo, na walilazwa siku chache kuliko waliokuwa wakisubiri zamu yao.

Kiini cha kozi ni mpango wa wiki. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kiongozi mzuri na mbaya wanapotengana.

Tuchukue mfano wa mama mwenye genge la mboga na matunda, ana presha na uzito umezidi. Zamu yake ikifika anasema, "Mimi nitapunguza uzito." Kiongozi aliyefundishwa vibaya atampongeza na kumpa mhadhara wa dakika tano kuhusu wanga. Aliyefundishwa vizuri atamwambia, "Hilo ni la miezi, mama. Wiki hii utafanya nini?"

"Nitatembea."

"Utatembea kutoka wapi hadi wapi?"

"Nitashuka daladala kituo kimoja kabla ya kwangu, nimalizie kwa miguu."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

"Hata siku ya kufuata mzigo sokoni Mabibo?"

Mama anacheka, na chumba kizima kinacheka naye. "Hapana, siku hiyo nakuwa nimechoka. Basi mara tatu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa."

"Kutoka sifuri hadi kumi, una hakika kiasi gani kwamba utafanya hivyo?"

"Tano."

Mwongozo unasema mtu akitaja chini ya saba, mpango haujakamilika, kwa hiyo kiongozi anauliza kitakachomzuia ni nini. Mama anasema ni giza: akifunga genge ni saa mbili usiku na njia ile si salama. Kiongozi ana jibu tayari kichwani, hata mtoto angekuwa nalo, lakini analimeza. Anaugeukia mduara wa washiriki na kuuliza, "Nani ana wazo?" Bibi mmoja mwenye kisukari anasema yeye hutembea asubuhi akienda, kwani jioni miguu inakuwa imeshavimba. Mzee mwingine anapendekeza mama atembee na binti yake. Kiongozi haamui kwa niaba yake. Anamrudishia mama mwenyewe achague. Mama anachagua asubuhi, anasema sasa ni nane, anaandikiwa kwenye daftari. Wiki inayofuata jambo la kwanza ni kila mtu kueleza mpango wake uliendaje. Aliyeshindwa hasutwi. Anaulizwa kilichomkwamisha, na mduara unafanya kazi ileile tena.

Viongozi wenyewe nao huweka mpango, huutaja mbele ya wote, na wiki inayofuata huutolea taarifa wakiwa wa kwanza. Kiongozi mwenye presha anaposema, "Nilipanga kula chakula cha usiku bila kuongeza chumvi mezani siku nne, nimeweza mbili," amefanya kazi ambayo bango la ukutani haliwezi kuifanya. Na sasa fikiria kiongozi asiye na ugonjwa wowote, kijana wa mradi aliyevaa fulana yenye nembo, akijaribu kusema sentensi hiyo.

Kwa hiyo mafunzo ya viongozi yanahusu nini? Kidogo ni habari za magonjwa, na habari hizo zipo tayari kwenye mwongozo. Muda mwingi ni mazoezi ya kuongoza. Katika siku zile nne kila anayefundishwa huendesha sehemu ya kozi mbele ya wenzake, mara ya kwanza na mara ya pili, na wakufunzi hutazama. Wanatazama mambo ambayo semina zetu hazina utamaduni wa kuyatazama. Je, ameuliza swali kisha akasubiri, au amelijibu mwenyewe baada ya sekunde mbili? Wakati wa kukusanya mawazo, ameandika maneno ya washiriki kama yalivyosemwa, au ameyasahihisha? Ametoka nje ya mwongozo na kuanza kutoa ushauri wake wa dawa? Mshiriki mmoja alipoteka mazungumzo, alimrudisha vipi bila kumvunjia heshima?

Kusubiri ndiko kugumu kuliko yote. Tumelelewa kwamba anayesimama mbele ndiye anayejua, na akinyamaza heshima yake inashuka. Mwalimu mstaafu, ambaye kwa mambo mengi ni chaguo zuri sana (anatunza muda, anaandika vizuri, watu wanamwamini), ndiye pia anayepata tabu zaidi hapa, kwa sababu miaka 35 ya ubao na chaki imemfundisha kuijaza nafasi yoyote ya ukimya. Anaweza kubadilika. Ila siku mbili za semina hazitambadilisha, na asipofanyishwa mazoezi akatazamwa, atarudi kuwa mwalimu.

Na uchaguzi wa viongozi unakuja kabla ya mafunzo. Desturi yetu ni kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa nyumba kumi, shehe, mchungaji, mwenyekiti wa kikundi. Sina neno baya juu yao. Bila baraka zao kozi haipati hata chumba. Wapewe kazi ya kufungua milango. Anayeongoza awe mtu aliyekaa na ugonjwa miaka kadhaa, anayetumia dawa zake, anayeweza kusoma mwongozo kwa sauti bila kusitasita, na ambaye majirani wanamweleza mambo. Ningempa nafasi ya kwanza mtu aliyewahi kuacha dawa akaumia, kisha akarudi. Huyo anajua njia ya kurudi ilivyo, na aliye katikati ya kuacha dawa atamsikiliza.

Zimbabwe wametuonyesha jinsi hili la uchaguzi lilivyo na uzito. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare, akawafundisha kuzungumza na watu wenye sonona wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi hawa hawakuwa na shahada. Walikuwa na umri, subira, na masikio ambayo mtaa ulikuwa umeshayazoea. Jaribio la zahanati 24 lenye watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilikuta kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona ni kama asilimia 14 ya waliokaa kwenye benchi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Naukumbusha mfano huu pia kwa sababu huzuni na kisukari hukaa nyumba moja mara nyingi, na kozi yoyote ya magonjwa ya kudumu isiyogusa kukata tamaa inaruka nusu ya ugonjwa.

Hapa nyumbani wengi watauliza: tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa nini wasibebe wao? Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Kenya ilizindua wahamasishaji wake wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000, mwezi Septemba 2023, wakiwa na mikoba yenye mashine ya kupimia presha na sukari. Ni hatua kubwa. Lakini mhudumu huyu tayari anafuatilia wajawazito, chanjo, utapiamlo, malaria, kifua kikuu na vyoo. Ukimwongezea kozi ya wiki sita atakachokata ni muda, na kitakachobaki cha kozi ni hotuba. Tena mara nyingi ni kijana mwenye afya njema. Kazi inayomfaa ni kuwatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba, kuwaalika, kupima presha kwenye kipindi cha kwanza na cha mwisho, na kumpeleka zahanati yule ambaye vipimo vyake vinatisha. Mduara aachiwe mgonjwa. Kama mhudumu mwenyewe ana presha au kisukari na yuko tayari kusema hivyo mbele ya watu, hapo mambo yanabadilika, karibu sana.

Jambo linalonishangaza ni kwamba tunalijadili hili kana kwamba ni geni. Ukanda wetu uliwahi kuufanya ugonjwa wa kutisha kuliko yote uongozwe na wagonjwa wenyewe. Mwaka 1987 jijini Kampala, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ukimwi Januari ya mwaka huohuo, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi, pamoja na wenzake, wengi wao wakiwa wanaishi na virusi au wamefiwa. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado miaka mingi mbele. Walichokuwa nacho ni kukaa pamoja, kuambiana ukweli na kufundishana namna ya kuishi. Dawa zilipokuja, kliniki za tiba na matunzo za Tanzania zikawa na WAVIU washauri: watu wanaoishi na virusi vya ukimwi wanaokaa na mgonjwa mpya baada ya kutoka kwa daktari, wanaomfuata aliyekosa kliniki, wanaomweleza jinsi ya kumeza dawa bila mama mkwe kuuliza maswali. Yeyote aliyepita kwenye kliniki hizo anajua kwamba neno "hata mimi natumia" kutoka kwa mshauri huyo lilikuwa na nguvu ambayo koti jeupe halina.

Sasa vuka korido uende kliniki ya presha ya hospitali ileile. Hakuna mshauri wa namna hiyo. Maarifa yapo chini ya paa moja na hayajavuka mlango. Sababu kubwa ni fedha: ukimwi ulikuwa na wafadhili waliolipa posho za washauri, presha haina. Lakini ipo sababu nyingine, nayo ni kwamba presha na kisukari tumeviacha vionekane magonjwa ya mtu binafsi aliyejilisha vibaya, kwa hiyo hatukuwahi kuwaona wagonjwa wake kama jumuiya yenye jambo la kufundishana.

Nisiwauzie watu kozi hizi kwa bei isiyo yake. Uingereza iliichukua kozi ya Stanford ikaifanya mpango wa taifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikiwa na matumaini kwamba wagonjwa watapungua kwenye milango ya madaktari. Jaribio lake la kitaifa, lililochapishwa mwaka 2007 na kuhusisha watu 629, lilikuta washiriki wamejiamini zaidi na wana nguvu zaidi mwilini. Matumizi ya huduma za afya hayakupungua kwa kiasi cha kujivunia. Ilionekana pia kwamba waliojitokeza wengi wao walikuwa watu ambao tayari walikuwa wanajimudu kwa kiasi fulani, na maskini na watu wa jamii za wachache hawakufikiwa vya kutosha. Kwa hiyo waziri atakayeambiwa kozi zitapunguza bajeti ya hospitali amedanganywa. Zinaboresha maisha ya watu, na hilo linatosha kuwa sababu ya kuzilipia.

Magharibi mwa Kenya, AMPATH, mpango wa huduma za afya wenye makao Eldoret, ilijaribu kitu kilicho karibu zaidi na maisha yetu. Wagonjwa 2,890 wa presha na kisukari katika vituo 24 waligawanywa: wengine huduma ya kawaida, wengine kliniki za vikundi, wengine vikundi vya kuweka na kukopa, wengine vyote viwili pamoja. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Presha ilishuka kwa wote. Waliopata vyote viwili, ile namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa alama 16.4, na wa huduma ya kawaida 11.4. Baada ya hesabu kurekebishwa tofauti ikabaki kama alama nne, na kitakwimu haikutosha kuthibitisha kwamba haikutokea kwa bahati. Wanawake walielekea kunufaika zaidi na vikundi vya kliniki, na maskini zaidi na vikundi vya fedha. Waliohudhuria kwa bidii ndio walionufaika zaidi.

Mimi naisoma hivi: kikundi peke yake si muujiza, ila kikundi ambacho mtu ana sababu nyingine ya kukijia kila wiki kina nafasi nzuri. Wanawake wa mitaani kwetu hawakosi kikoba. Watanyeshewa na watafika, kwa sababu hisa zao ziko pale. Kozi ya wiki sita ikiingizwa kwenye kikoba ambacho tayari kina watu wenye presha, kabla ya kuhesabu fedha, tatizo la mahudhurio limepungua kabla hatujaanza. Swali gumu linabaki kuwa wanaume, ambao hawako kwenye vikoba kwa wingi na ambao huja kliniki wakiwa wamechelewa. Kwa hao ningeanzia kwenye vijiwe vya bodaboda na vyama vya ushirika, na sijifanyi kwamba itakuwa rahisi.

Yapo mambo mawili yanayoweza kuiharibu kozi, na mafunzo ya viongozi lazima yayataje waziwazi siku ya kwanza.

La kwanza ni biashara. Kiongozi anayeaminiwa na wagonjwa 15 wanaotafuta nafuu ni lulu kwa wauzaji wa dawa lishe, chai za kusafisha damu na unga wa "kuponya kisukari kabisa". Watamfuata, na watampa asilimia. Nimeona mikutano ya majirani ikigeuka maonyesho ya makopo, na mama mwenye sukari ya juu akinunua kopo kwa fedha ambayo ingemtosha dawa za miezi. Kanuni iwe moja isiyo na msamaha: anayeuza chochote kinachomezwa haongozi kozi.

La pili ni kiongozi kujigeuza daktari. Mfano mzuri ni Ramadhani. Kwenye kozi ya Tanga au Unguja, mwezi mmoja kabla ya mfungo, lazima mtu atauliza: nina kisukari, nifunge? Kiongozi aliyeandaliwa anajua mambo ambayo anaruhusiwa kuyasema: kwamba kupima sukari kidoleni hakubatilishi saumu; kwamba ukitetemeka, ukatoka jasho la baridi na moyo ukaenda mbio, upime, na sukari ikiwa chini ya 3.9 (milimoli kwa lita) ufungue; na kwamba ikizidi 16.7 ufungue pia. Anajua pia mahali pa kukomea. Nani afunge na nani asifunge, na dawa zibadilishwe saa au kipimo, hayo yanakwenda kwa daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na kama kuna shehe kwenye mduara naye aseme kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Kiongozi anayemwambia bibi "punguza insulini nusu, mimi nilifanya hivyo mwaka jana" anaweza kumuua.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi na kwa mkazo. Hakuna kozi inayochukua nafasi ya dawa. Mkimfundisha mtu kuweka mpango wa kumeza dawa zake kila siku, kisha zahanati ikamwambia zimeisha akanunue duka la mtaani, mmemfundisha kukata tamaa kwa utaratibu. Halmashauri inayotaka kuanzisha kozi ianze kwa kuhakikisha kwamba dawa za kawaida za presha na kisukari zipo kwenye zahanati ya mtaa ule kwa muda wote wa kozi na baada yake. Bila hivyo isianze.

Viongozi walipwe. Jioni sita za saa mbili na nusu, pamoja na maandalizi, nauli na simu za kuwakumbusha watu, ni kazi. Tumezoea kuita kujitolea kile ambacho ni kuwanyonya wanawake maskini wenye moyo mzuri, na matokeo yake wanaondoka baada ya kozi ya pili, na fedha zilizowafundisha zinaondoka nao. Washiriki wao wasilipwe posho ya kuhudhuria, kwa sababu siku posho itakapokatika chumba kitakuwa kitupu. Wapewe chai isiyo na sukari na karanga, na daftari la kuandikia mipango yao.

Mtaala wa Stanford, ambao sasa unasimamiwa na kituo cha Lorig na wenzake nje ya chuo tangu mwaka 2017, unahitaji leseni, na mifano yake ni ya jikoni za Marekani. Ikinunuliwa, iandikwe upya kwa Kiswahili na watu wanaopika dona na mchicha wa nazi. Isiponunuliwa, tunao uzoefu wa WAVIU washauri wa kutosha kuandika wa kwetu, mradi kanuni zile zibaki: viongozi wawili, mwongozo mmoja unaofuatwa, mpango wa wiki, taarifa ya wiki.

Na kwa kuwa viongozi ni wagonjwa, wataumwa katikati ya kozi. Mmoja atalazwa, mwingine atapelekwa Muhimbili kwa macho yake, mwingine atazidiwa kwa wiki mbili. Hilo lisichukuliwe kama kasoro ya mpango. Kila mtaa ufundishe watatu kwa ajili ya kozi ya wawili, na yule wa tatu ahudhurie kila kipindi akiwa mshiriki wa kawaida, akiweka mipango yake kama wengine, ili siku mwenzake akikosekana mduara usivunjike.